Msoma Habari Asiye na Kwao

Sheria ilitaka kila jamii imiliki runinga yake, yenye watangazaji wa damu yake. Waogiek nao walipopata yao, kila nyumba ikagawiwa seti. Jioni moja, baada ya kufiwa na mumewe, Tabutany alikaa na mama mkwe wake wakimtazama kijana aliyesoma habari kwa Kiogiek safi ajabu.

"Huyu mtoto wa nani?" mama mkwe aliuliza.

Tabutany aliulizia sokoni na kanisani, asipate anayemjua. Akapanda hadi kituo cha runinga.

"Ni wetu, mama. Amesajiliwa," msimamizi alimjibu huku akipanga karatasi zilizokwisha pangika.

Jioni ile kijana alizungumzia urinaji wa asali, akautaja mzinga kwa jina la utani ambalo marehemu mume wa Tabutany alilibuni humu humu sebuleni, mbele ya seti hii, na wala halikupata kutoka nje.

"Hata sauti ni ya mwanangu," mama mkwe alisema, akitabasamu.

Tabutany akainuka, akachomoa waya. Mama mkwe alipomuuliza sababu, alimsogelea sikioni akamjibu kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, lugha ambayo seti haikuwahi kuisikia humu ndani.