Zege la Mhubiri Twombly

Katika kaunti ya Tolliver, magharibi mwa Texas, hata nyumbu aliyekufa kwa kiu alikuwa na kibao chake cha kumbukumbu. Kibao cha shaba, kando ya barabara isiyokuwa na wa kukisoma ila pampu za mafuta, zilizoinamisha vichwa mchana kutwa kama waumini wasiokinai sala.

Kulikuwa na kibao cha ukumbi wa dansi ulioungua, ukajengwa, ukaungua tena. Kulikuwa na kingine kwenye mti aliponyongewa mwizi wa ng'ombe, kamba ikakatika, mwizi akajiendea zake. Vyote vilikuwa kazi ya Delbert Ruckman, mwalimu mstaafu wa historia na mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu. Kamati hiyo ilijaa wajumbe siku za kula pai. Siku za kazi ilibaki na mwenyekiti.

Basi kampuni moja ya mafuta ilipotangaza kwamba bomba lake jipya litapita katika malisho ya Verna Stallcup, hakuna aliyeshangaa kumwona Mwalimu akipandwa na mori. Tolliver nzima ilijua anampenda Verna. Alimpenda tangu enzi za mumewe Harlan, mchimba visima mwenye kifua kama mlango wa ghala, na aliendelea kumpenda hata baada ya Harlan kutoroka na mhudumu wa mkahawa. Delbert ndiye aliyewaona wakipanda basi la kwenda Louisiana. Ndiye pia aliyempelekea Verna habari, kwa upole, pamoja na bakuli la maharage.

"Waache wapite tu, Mwalimu," Verna alimwambia barazani kwake, akimmiminia chai baridi. "Watafukia mtaro wao, majani yataota. Ng'ombe hawana habari."

"Ng'ombe hawana habari, Verna. Historia je?"

"Historia gani? Kule kuna miiba na nyoka."

Delbert alirudi nyumbani akaitunga. Alitunga kwamba hapo malishoni, zamani za mikokoteni, mhubiri Ezra Twombly aliketi avute kiko, akatupa kijiti cha kiberiti, na ardhi ikashika moto. Ndivyo mafuta ya Tolliver yalivyogunduliwa. Mhubiri huyo hakuwahi kuzaliwa, sembuse kuvuta kiko, lakini wajumbe waliipitisha hoja wakiwa na pai mdomoni. Mmoja alikumbuka hata kwamba bibi yake alibatizwa na Twombly.

Kampuni ilimtuma kijana kutoka Houston, mwenye buti ambazo hazijawahi kukutana na samadi.

"Mzee, tukisogeza mtaro hatua chache tu pembeni?"

"Sogezeni mpaka nisiwaone."

"Lakini mzee, huyo mhubiri alikaa tu. Alichukua nafasi kubwa kiasi gani?"

"Alikuwa mnene," Delbert akasema.

Kampuni ilimwogopa Mungu kidogo na magazeti sana. Bomba likageuziwa kaskazini.

Ikabaki kusimamisha kibao. Odell Pruitt, fundi wa kaunti, alifika na koleo na mashine ya kukorogea zege. Delbert alimwongoza moja kwa moja hadi chini ya mti mmoja wa miiba, akakanyaga.

"Hapa."

"Hapa hapa? Pale kwenye kilima kingeonekana vizuri."

"Mhubiri hakukaa kilimani."

Odell akainua koleo achimbe shimo la nguzo. Delbert akaudaka mpini.

"Usichimbe. Ardhi ya historia haitiwi jembe. Mimina juu."

"Upepo wa kwanza tu kitalala chali, Mwalimu."

"Basi mimina pana."

Odell alimimina pana, hadi watu wangeweza kucheza dansi juu yake. Alipomaliza alijifuta jasho, akacheka.

"Wanaume wengine hupeleka maua. Wewe unapeleka zege." Kisha akashusha sauti. "Au ni yeye aliyekutuma? Maana wako wanaosema Harlan hakupanda basi lolote. Eti Verna ndiye alim—"

"Funga bakuli lako, Odell!" Delbert aling'aka. "Yule mama hajamdhuru hata kuku! Ukirudia neno hilo, nitasahau kwamba tunafahamiana."

Odell, ambaye aliamini anaujua upendo akiuona, alivua kofia akaomba radhi.

Siku ya uzinduzi bendi ya shule ilipiga wimbo wa taifa, au kitu cha jirani na wimbo huo. Mkuu wa kaunti alimlilia Twombly kwa machozi ya kweli. Delbert alisimama juani akihisi mabega yake yametuliwa mzigo. Tangu habari ya bomba ifike mjini hakuwa amepata usingizi wa maana. Leo angeweza kulala amesimama.

Watu walipokimbilia meza ya pai, Verna alibaki. Akapitisha mkono wake kwenye mkono wa Delbert. Mkono huo Delbert alikuwa ameungoja nusu ya maisha yake.

"Nilikudhani unajisumbua bure," Verna alisema. "Kumbe hakuna mtu aliyewahi kunipigania hivi."

"Ningefanya tena, Verna."

"Usinicheke, lakini mpaka leo basi la Louisiana likipita natega sikio. Mjinga mimi." Akajifuta jicho kwa kidole, akatabasamu. "Hata sasa hivi bendi ikipiga nilikuwa nawaza, laiti Harlan angekuwa hapa."

"Yupo," Delbert akasema, kwa ulaini wa mtu aliyeshiba furaha.

Mkono wa Verna ulichomoka polepole. Akamtazama usoni, kitambo kirefu, kisha akainamisha macho kwenye lile zege lililokuwa chini ya viatu vyao.