Kisigino Nyuma ya Pipa

Siku hizi mwanafunzi wa usanifu wa michezo ya kompyuta hahitimu chuo kikuu mpaka mtu wa nyumbani kwao amtolee kumbukumbu moja. Kumbukumbu hiyo hainakiliwi. Huhamia mchezoni, na aliyeitoa hubaki hana tena.

Aliyemtolea Salha ni mama yake, Bi Mkasi. "Chukua iliyo tamu, mwanangu. Mchezo usio na utamu nani ataucheza?" Akampa ile ya kombolela: Salha mdogo kajibanza nyuma ya pipa, kisigino nje, naye mama anazunguka ua mzima akijifanya hamwoni.

Salha alifaulu kuliko wenzake wote. Jioni ile alipiga magoti akamshukuru mama mpaka machozi yakamtoka, kisha akamwashia mchezo acheze.

Bi Mkasi alikwenda moja kwa moja kwenye pipa. "Nimekuona!" Akacheka, akapiga makofi. "Hata kujificha hajui! Ahsante, mwanangu, umenifurahisha. Mtoto wa nani huyu?"

Salha akajibu, "Wa mama mmoja mwema sana."

"Basi mwambie ajifiche tena," alisema Bi Mkasi. "Maskini, safari hii nitajifanya simwoni."