Vidole Vinne

"Mwanamke anayeshinda na moto wa kuchomelea atampikia nani?" alifoka mama mkwe mtarajiwa, huku akitafuna perege wa kukaanga aliyetoka naye Malinyi.

"Mama, naomba usisogee hapo," alisema Rosemery.

Alikuwa amemtembeza karakana nzima ya baiskeli kwa adabu, kama mchumba wake alivyomwomba. Hata glavu alimweleza ni za nini: bomba la titaniamu likiguswa na mafuta kabla ya kuchomelewa, kiungo huonekana kizima, kisha siku moja hukatika ghafla barabarani.

"Kumbe."

Mama alinyoosha mkono, akapitisha vidole polepole kwenye shingo ya fremu, pale palipongoja moto. Mafuta ya perege yakabaki yanameta.

"Sasa ikatike. Wakufukuze, urudi jikoni, mwanangu ale."

Rosemery alizitazama alama za vidole vinne. Chupa ya spiriti na kitambaa safi vilikuwa mezani. Kufuta ni kazi ya dakika moja. Fremu ile ilikuwa zawadi ya harusi kwa mchumba wake, na hakuwa amemwambia mtu.

"Kwani ni ya nani?" mama aliuliza, akijifuta mkono kwenye kanga.

"Ya kijana mmoja wa Malinyi, mama. Anapenda mwendo kasi."

"Shauri yake."

"Haya, mama. Shauri yake."

Rosemery aliirudisha chupa rafuni bila kuifungua, akashusha kofia ya kuchomelea, akawasha moto.