Printa ya Koridoni

Kavata alikuwa amemaliza kuunganisha kompyuta ya tatu wakati msimamizi wa zahanati alipoingia na kukuta printa iko juu ya meza koridoni.

"Nani alikuruhusu kuitoa ofisini kwangu?"

"Hakuna, daktari. Ijumaa ulifunga ofisi ukaenda Nunguni, na mgonjwa akangoja barua ya rufaa masaa manne."

Sasa printa ilikuwa imechomekwa kwenye kisanduku kidogo cha mtandao. Kavata alikuwa amekipa anwani ya kudumu, ili hata stima ikipotea na kurudi, kila kompyuta iendelee kukipata bila mtu kuomba ufunguo wa ofisi.

"Irudishe. Hapa hakitatoka kitu ambacho sijakiona."

Mlango wa wodi ya kujifungulia ukafunguka. Muuguzi alikuwa na damu hadi kwenye viwiko. "Kavata, nimetuma barua ya huyu mama. Ambulensi inangoja. Imefika?"

Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Msimamizi akashika waya auchomoe. Kavata akaweka kiganja chake juu ya mkono wa msimamizi, akaukandamiza mezani.

"Toa mkono, Kavata. Nitakuandikia barua ya kukufuta kazi."

"Andika, daktari. Hata hiyo utaituma hapa, na itatoka. Lakini ya mama itatoka kwanza."

Printa ikavuta karatasi. Kavata akanyoosha mkono wa pili kuipokea, ule wa kwanza ukiwa bado haujabanduka.