Majibu ya Baba Esta

"Chumba cha wazazi kipungue sentimita kumi," alisema Vumilia. "Baba Esta anataka tofali ziingie nzima nzima. Kukata ni kutupa."

Fundi Nkwabi alivuta kamba, akahesabu. Kweli tupu. Miaka ishirini alikuwa akijenga huku Ushetu, na nyuma ya kila nyumba aliacha lundo la vipande na saruji iliyoganda. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Leo mchimbaji wa dhahabu aliyeko Geita, mtu asiyemjua hata sura, ndiye anamfundisha kazi.

Ndivyo ilivyokwenda miezi minne. Penye swali gumu, Jumamosi Vumilia alipanda basi kwenda machimboni kwa mumewe, maana alikokuwa simu haikushika. Jumatatu alirudi sauti imekauka, lakini ana jibu. Saruji iletwe ya kutosha siku hiyo tu. Mbao zipangwe chini kwanza, ndipo msumeno uguse. Tofali zishindiliwe kwa mashine, zisichomwe. Mti wowote usikatwe.

"Mumeo ana akili sana, Mama Esta."

"Anaijua nyumba yake," alijibu, akageuka upesi.

Siku bati la mwisho lilipopigwa msumari, taka zote za paa zilienea kwenye ndoo moja. Nkwabi aliitazama ndoo ile, akatamani ampe mkono mtu huyo. Jumamosi Vumilia alitangulia na basi la alfajiri kama kawaida. Yeye akafuata na la saa tatu, awakute pamoja.

Machimboni alimwuliza mchimbaji mmoja, Theonest, alipo Deusdedit, baba yake Esta.

Theonest alimkazia macho. "Wewe ni ndugu yake?"

"Fundi wake. Namjengea nyumba."

Theonest alivua kofia. Akamwongoza hadi mwisho wa machimbo, akasimama mbali kidogo na kifusi kilichokwisha kuota majani.

"Shimo lilimfukia mwaka juzi," alisema. "Tulichimba siku tisa. Hatukumfikia."

Vumilia alikuwa amepiga magoti juu ya kifusi kile, mgongo kwao.

"Baba Esta," aliita kwa nguvu, "mlango tuupake rangi gani?"

Kisha akalaza sikio kwenye udongo, akasubiri.