Maneno ya Mjomba Pantelis

Kwenye mtihani wa uopereta wa redio, Argyro alikuwa ametamka herufi mbili tu za jina la meli mtahini alipoinua mkono.

"Hebu rudia hapo."

"King," Argyro alisema. "Item."

Watahini walitazamana. Yule wa katikati, mwanamume mnene mwenye sare ya bandari ya Pirea, akavua miwani.

"Binti, nani amekufundisha?"

"Mjomba wangu. Alikuwa opereta wa redio melini miaka mingi."

"Basi amekufundisha maneno ya wakati wa vita. Yalishaachwa. Siku hizi K ni Kilo, I ni India, na kila opereta duniani anajua hivyo. Meli inazama, wewe unasema King na Item, anayekusikiliza aanze kukisia?" Alifunga jalada lake taratibu. "Pole. Mwite anayefuata."

Argyro akarudi kisiwani kwao Andros kwa feri akiwa amesimama sitahani njia nzima, ingawa upepo ulikuwa mkali na ndani kulikuwa na viti.

Alikuwa amejifunza majira yote ya baridi jikoni kwa mama yake. Mjomba Pantelis alikuja kila alasiri, akakaa karibu na jiko la kuni, akanywa kahawa na kumkosoa. "Sauti gani hiyo, ya kuku mgonjwa? Nahodha atadhani redio imeharibika." Argyro alipoomba kitabu, mjomba alikataa. Kitabu hakizoeshi sikio, alisema. Na mara kadhaa alinung'unika kwamba baharini si mahali pa msichana, hasa msichana ambaye bahari imeshamchukulia baba.

Aliyemnyamazisha siku zote ni Mama. "Mwache mtoto aende," Mama alimwambia kaka yake huku akimenya maharage. "Unataka aozee hapa kama mimi?" Ni Mama aliyemshonea sketi ya bluu ya kuvaa siku ya mtihani. Ni Mama pia aliyemsindikiza hadi gatini, akamkumbatia mpaka feri ikapiga honi.

Argyro aliposhuka, hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mkahawani, ambako mjomba alikuwa akicheza tavli, mchezo wa dadu, na wenzake.

"Maneno yako ni ya zamani, Mjomba. Wameniangusha."

Pantelis alishika dadu bila kuzirusha. "Nimezeeka, mwanangu. Kichwa kimechakaa."

"Ungemfundisha kupika pweza, bwana," alidakia Stratis, mvuvi. "Hapo hukosei." Mkahawa mzima ukacheka. Pantelis akarusha dadu.

Kampuni ya meli iliyokuwa imemwahidi Argyro nafasi ilimchukua mtu mwingine. Argyro akaanza kazi ya kuuza mikate. Mjomba akija nyumbani, Argyro alitoka kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa akimpapasa nywele jioni na kumwambia, "Usimwekee kinyongo, mtu mzima kasahau. Angalau bado uko nami." Taratibu, kwa ajili ya Mama, Argyro akaanza kumsamehe. Mzee amesahau. Nani hasahau?

Mwezi wa tatu tangu mtihani, mashua ya uvuvi iitwayo Niki ilizimika injini upande wa kaskazini wa kisiwa, bahari ikiwa imechafuka. Mkewe Stratis alikuwa wa kwanza kufika kwenye ofisi ya bandari, maana mumewe alikuwa ndani ya mashua hiyo. Argyro, aliyekuwa akipita na kapu la mikate, alisimama mlangoni pamoja na wanawake wengine.

Meli pekee iliyokuwa karibu ilikuwa ya Kiitaliano. Kijana wa zamu, ambaye hakuwa amefunzwa redio, alirudia jina la mashua kwa redio mpaka sauti ikamkauka, na kila mara Waitaliano walijibu kwamba hawajaelewa. Mtu akakimbia kumwita Pantelis.

Mzee aliingia akitweta, akachukua kipaza sauti, akakisogeza mdomoni.

"Novemba, India, Kilo, India," alisema. "Narudia. Novemba, India, Kilo, India." Kisha akawatajia mahali ilipo mashua, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, bila kusita hata mara moja, kama mtu anayetaja majina ya wanawe.

Waitaliano walijibu wamepata, wanageuza meli. Mkewe Stratis akaangua kilio, akambusu Pantelis mabegani. Wanawake wote wakamzunguka. Argyro peke yake alibaki mlangoni. Mjomba alipogeuka na kumwona, aliangalia sakafu.

Argyro alikimbia mpaka nyumbani. Mama alikuwa mezani akisafisha artichoki, mboga yenye utomvu, mikono imeingia weusi.

"Alikuwa anajua," Argyro alisema. "Maneno yote, Mama. Yote. Hajasahau hata moja. Alikaa hapa majira mazima ya baridi akinidanganya usoni, na wewe unampikia kahawa."

Mama aliendelea kukata.

"Narudi huko sasa hivi. Namwambia mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo sina mjomba."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Pantelis hakutaka kukudanganya," Mama alisema. "Alilia hapo uliposimama."

Argyro akashika mgongo wa kiti.

Mama aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua nikikuzuia usiende, utamchukia mtu," alisema. "Nikamwomba awe yeye."