Chumba cha Bi Mwanakombo

Siku hizi serikali huitambua nyumba kwa ramani ya wino tu, inayochorwa upya kila mwaka, na chumba kisichochorwa hubomolewa. Tunu alikuwa fundi wa ramani hizo mjini Tabora. Alifufua mashine kuukuu ya kuchorea, akaiunganisha na kompyuta yake. Akiandika amri, kalamu hutii papo hapo.

Ilipofika zamu ya nyumba yao, mumewe, Mbaruku, alisimama nyuma yake.

"Chumba cha mama usikichore," alisema. "Tangu aende kutibiwa kwa dada, kimekaa bure. Tupate pa kuegesha gari."

"Mama amekwambia harudi?"

"Hajasema."

Tunu akaandika amri. Kalamu ikachora kuta, mlango, na dirisha ambalo mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, hupenda kukaa kando yake akisuka ukili wa mikeka.

"Tayari," alisema. "Na wino haufutiki."

Mbaruku aliitazama karatasi, kisha akacheka na kuvuta kiti.

"Basi, mke wangu, nifundishe na mimi hizo amri. Mwakani nitakusaidia."

Tunu hakuondoa mikono yake kwenye kompyuta. "Mwakani pia chumba cha mama nitakichora mimi," alisema.